Polisi wa pati-taimu, bunduki ya fulu-taimu

Kuna kijana mmoja hapa Lowell, kwao ni Nyahururu, anafanya kazi ya kutunza wazee shifti ya usiku kama vile Wakenya wengi wa huku Massachusetts, uraia ameshapata, na Jumapili moja tumetoka kanisani tunakunywa chai akaniambia, "Anko, nataka niwe polisi, lakini pati-taimu tu, wikendi, nisiache kazi yangu." Alikuwa amesikia kwamba miji midogo inachukua polisi wa akiba, unasoma jioni jioni miezi michache, unapewa beji na bunduki, unafanya shifti mbili za wikendi na unaongeza kitu kwenye mshahara. Akataka kujua hicho cheti kinachukua wiki ngapi.

Jibu langu halikumfurahisha, na kwa sababu si yeye wa kwanza kuniuliza nimeona niliandike vizuri, pamoja na yale ninayoyaamini mwenyewe kuhusu hii habari maana kuna upande wa sheria ya huku ninaoutetea kwa moyo wote na kuna upande unaoniuma.

Njia aliyokuwa anaifikiria ilikuwepo kweli. Kwa miaka mingi jimbo hili lilikuwa na kozi mbili za polisi. Ya kwanza ni akademi kamili, karibu miezi mitano, kila siku asubuhi mpaka jioni, sheria, mazoezi ya mwili, kulenga shabaha, kuendesha gari kwa kasi bila kuua mtu, huduma ya kwanza, kuandika ripoti, namna ya kuingia kwenye nyumba ambayo mume na mke wanapigana. Ya pili ilikuwa ya polisi wa akiba, ya jioni na wikendi, masaa yake hayafiki nusu ya ile kamili. Ukimaliza hiyo ya pili unaapishwa, unavaa sare ileile, unapanda gari lileile, na kwenye vijiji vya magharibi mwa jimbo ungeweza kujikuta ndo wewe peke yako kazini usiku mzima. Sasa fikiria wewe ndo mama umepiga simu saa nane za usiku mtu anavunja mlango, anayekuja ni huyo, na hakuna chochote kwenye nguo yake kinachokuambia kwamba huyu amesoma nusu na mwenzake wa mji wa pili amesoma yote, wewe unaona polisi tu, na yeye ana mamlaka yote ya kukamata na ana silaha kiunoni.

Hiyo ilibadilika tarehe 31 Desemba 2020, gavana wa wakati huo Charlie Baker aliposaini sheria ya mageuzi ya polisi, mwaka uleule ambao polisi walimuua George Floyd, Mmarekani mweusi, kule Minneapolis na watu wakajaa barabarani nchi nzima. Sheria ikaunda tume inayoitwa POST, ina watu tisa, ikaanza kazi Julai 2021, na kazi yake ni kutoa vyeti vya polisi na kuvinyang'anya. Kabla ya hapo Massachusetts, jimbo linalojiona limeelimika kuliko mengine, halikuwa na utaratibu wa kumnyang'anya polisi cheti, yaani kinyozi alikuwa na leseni ya jimbo ambayo inaweza kufutwa na mtu mwenye bunduki hana. Mimi hilo lilinishtua sana nilipolijua.

Kwa hiyo sahii masharti ni haya, na hayaangalii kama unafanya siku tano au siku mbili kwa wiki: uwe umefika miaka 21, uwe na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, umalize mafunzo yaliyoidhinishwa na jimbo, upimwe afya ya mwili na ya akili, alama za vidole zipitishwe kwenye rekodi za jimbo na za taifa, ufaulu mtihani, uwe na cheti cha huduma ya kwanza na cha kufufua mtu aliyezimia, ukae intavyu, na ionekane kwamba una tabia njema. Cheti kinaisha baada ya miaka mitatu unaanza kuomba tena. Na kila mwaka kuna masaa 40 ya mafunzo ya kurudia hata kama umekaa kwenye kazi miaka ishirini.

Na wale waliokuwa wameshapita ile kozi fupi? Hao hawakufukuzwa. Walitengenezewa kitu kinaitwa Bridge Academy, daraja la kuwavusha, masaa 200 ya masomo ya ziada, mengine onlaini na mengine ya vitendo uwanjani, halafu juu yake uwe umefanya kazi ya polisi masaa 2,400. Wakapangwa kwa herufi ya jina la ukoo, A mpaka H wamalize kufikia Julai 2022, I mpaka P Julai 2023, Q mpaka Z Julai 2024. Sasa chukua kalamu upige hesabu, mtu anayefanya shifti mbili za masaa manane kila wikendi bila kukosa hata moja, hayo masaa 2,400 yanamchukua wiki 150, karibu miaka mitatu mizima. Wengi waliangalia hiyo hesabu wakarudisha beji.

Hapa ndo watu wanaanza kulalamika kwamba jimbo limewaonea wazee wa vijijini waliokuwa wanasaidia tu majirani zao. Nawaelewa, lakini kabla sijafika huko acha nieleze kwa nini naona kufunga ile njia ya mkato ilikuwa lazima.

Aprili 2015, Tulsa, Oklahoma. Ofisi ya sherifu wa kaunti, yaani mkuu wa polisi anayepigiwa kura, ilikuwa na deputi (askari wake) wa akiba anaitwa Robert Bates, mzee wa miaka 73, bosi wa kampuni ya bima, rafiki wa sherifu, alikuwa amechangia magari na vifaa vya ofisi hiyo na pia alikuwa amemsaidia sherifu kwenye kampeni. Siku hiyo yuko kwenye operesheni ya kumkamata Eric Harris, ambaye alidaiwa kuuza bunduki kinyume cha sheria. Harris alikimbia, akakamatwa, yuko chini ameshikiliwa na maafisa, Bates akataka kumpiga kwa teza, ile silaha ya umeme, kumbe amechomoa bastola. Akampiga risasi, Harris akafa. Baadaye ikajulikana kwamba tangu mwaka 2009 kulikuwa na uchunguzi wa ndani uliosema huyu mzee anapendelewa kwenye mambo ya mafunzo na kwamba wakubwa wanawabana walio chini ili apitishwe. Bates alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2016 akapewa miaka minne, na sherifu aliondoka kwenye kiti mwaka 2015 baada ya yeye pia kufunguliwa mashtaka.

Mimi nikisoma kesi hiyo sioni tu mzee aliyekosea mkono. Naona ofisi ambayo kulikuwa na watu wanaojua kwamba huyu hajaiva, na karatasi ya mafunzo ambayo ingetakiwa kumzuia ilikuwa laini mikononi mwa marafiki zake. Cheti kina maana pale tu kinapoweza kumwambia rafiki wa mkubwa "hapana, rudi darasani". Kama mkubwa wa kituo ndo anakuajiri na ndo anaamua umefundishwa vya kutosha, hakuna cheti hapo, kuna urafiki.

Na ukiangalia polisi wa pati-taimu kwa utulivu utaona anahitaji mafunzo mengi, pengine kuliko mwenzake. Mwenzake yuko barabarani kila siku, mikono imezoea, amri za sauti zimekaa mdomoni, akivuta kitu kiunoni anajua ni kipi bila kufikiri. Huyu mwingine Jumatatu mpaka Ijumaa ni fundi bomba au anauza nyumba au anageuza wazee kitandani, halafu Jumamosi usiku anatakiwa aamue kwa sekunde mbili kama huyu kijana anatoa simu au anatoa bastola. Ujuzi wa mikono unasahaulika usipoutumia, kila nesi anajua hilo, kila dereva wa lori analijua. Kumpunguzia huyo masaa ya darasa kwa sababu anafanya masaa machache ya kazi ni hesabu iliyogeuzwa miguu juu.

Lakini majimbo ya jirani zetu wamelitatua tofauti, na inafaa kuyaangalia maana yako karibu hapa, kutoka Lowell hadi mpaka wa New Hampshire ni mwendo wa dakika kidogo tu. New Hampshire wameibakiza kozi fupi ya pati-taimu, wakati akademi yao kamili pale Concord ni wiki 16, lakini wamemwekea polisi wa pati-taimu kikomo asifanye kazi zaidi ya masaa 1,300 kwa mwaka. Maine hivohivo, kikomo chao ni masaa 1,040 kwa mwaka, na mafunzo yanakwenda kwa hatua, kwanza masomo, halafu vitendo, halafu unatembea na askari mzoefu anakuangalia, na hao ndo unawaona wamejaa kwenye miji ya ufukweni kama Old Orchard Beach wakati wa kiangazi watalii wakimiminika. Vermont nao wana ngazi, mwenye ngazi ya pili amefundishwa kidogo kwa hiyo aina za kesi anazoruhusiwa kushughulikia mwenyewe ni chache, zile nzito anatakiwa kumwachia wa ngazi ya tatu, yule aliyemaliza akademi ya Pittsford.

Kwa hiyo kuna namna tatu za kufikiri. Kupunguza masaa ya kazi, kupunguza mamlaka, au kusawazisha mafunzo.

Ya kwanza, ya New Hampshire na Maine, kwa kweli hainishawishi. Kikomo cha masaa kinapunguza mara ngapi utakutana na polisi aliyefundishwa kidogo, hakibadilishi kinachotokea siku mkikutana. Tena kinamzuia huyo polisi asipate uzoefu, ambao ndo kitu pekee kingeziba pengo la darasa. Ya Vermont ina mantiki zaidi, mamlaka yafuate mafunzo, hiyo naiheshimu, tatizo ni kwamba simu ya dharura haiji na lebo. Umeitwa kwa sababu ya gari lililopigwa pasi kwenye maegesho, unafika unakuta mtu amechomwa kisu, mwenzako wa ngazi ya juu yuko dakika arobaini kutoka hapo kwenye barafu. Kwa muda wote huo aliyefundishwa kidogo ndo amebeba kesi nzito peke yake.

Inabaki ya kusawazisha, ambayo ni ya Massachusetts na pia ya Pennsylvania, na hapo Pennsylvania ndo nataka tukae kidogo kwa sababu wao wana sheria yao tangu 1974, Act 120, mafunzo ya msingi ni masaa 919, na haijalishi unaajiriwa siku moja kwa wiki au sita, cheti ni kilekile. Na Pennsylvania imejaa vimji vidogo vyenye polisi wa pati-taimu wanaoruka kutoka kituo kimoja kwenda kingine, wawezaje? Wanaweza kwa sababu kuna vyuo vinavyofundisha hayo masaa 919 jioni na wikendi, unasoma karibu mwaka mzima badala ya miezi mitano au sita, unaendelea na kazi yako ya mchana. Mzigo uleule, umegawanywa kwenye safari nyingi.

Nisije nikaonekana nauza Pennsylvania kama pepo. Juni 2018 pale East Pittsburgh askari aliyekuwa ameapishwa masaa machache tu kabla alimpiga risasi kijana wa miaka 17, Antwon Rose, akiwa anakimbia kutoka kwenye gari lililosimamishwa, hana silaha mkononi. Askari huyo alishtakiwa, mahakama ikamwachia huru mwaka uliofuata. Alikuwa na cheti kamili cha jimbo, alikuwa ameshafanya kazi vituo vingine kabla. Lakini kituo chenyewe kilikuwa kidogo, kinaendeshwa kwa bajeti ya kubana, mwendesha mashtaka wa kaunti akasema hakina hata sera za maandishi, na kabla mwaka haujaisha mji ukakivunja kabisa kazi ikachukuliwa na polisi wa jimbo. Ndiyo maana nasema masaa ya darasa ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni nani anakusimamia ukishatoka darasani na rekodi yako inakufuata vipi ukihama. Pennsylvania walipitisha Act 57 mwaka 2020 ya kuweka kumbukumbu za askari mahali pamoja ili kituo kipya kijue ulifanya nini kile cha zamani. Kwa polisi wa pati-taimu hilo ni kubwa sana maana wengi wana vituo viwili vitatu kwa wakati mmoja.

Nirudi kwa kijana wangu wa Nyahururu. Massachusetts imesawazisha mafunzo, sawa, lakini mara nyingi kuingia akademi unatakiwa uwe na kituo kinachokutuma, na huo mji mdogo unajiuliza kwa nini uingie gharama ya miezi mitano ya mafunzo ya mtu atakayefanya kazi Jumamosi na Jumapili, au akimaliza tu cheti anakimbilia mji mkubwa unaolipa vizuri. Huwa inatokea. Na miji hiyo haina hela kweli, mwaka 2018, kabla hata ya hii sheria, askari wote wanne wa kijiji cha Blandford walijiuzulu kwa pamoja wakilalamikia mishahara na vifaa vibovu. Upande wa kijana mwenyewe ni vilevile, ana mke, ana kodi ya nyumba, kuna mzee nyumbani anategemea hela ya dawa kila mwezi, miezi mitano ya kuwa darasani mchana kutwa baada ya shifti ya usiku hawezi, mwili utakataa. Atakayeweza ni yule wa miaka 22 anayekaa kwa wazazi, au yule ambaye baba yake alikuwa polisi na anajua njia zote za humo ndani.

Hapo ndo panaponiuma. Tunataka polisi wanaojua Kiswahili hapa Lowell na Worcester, tunataka siku mama wa Kikongo au Kisomali anapiga simu amechanganyikiwa aje mtu anayemwelewa, na watu hao wapo, ni wazima, wana nidhamu, wamezoea kushughulika na mtu mwenye hasira au mgonjwa wa akili saa tisa za usiku bila kumpiga, manake hiyo ndo kazi yao ya kila siku kwenye nyumba za wazee. Lakini ni watu wa shifti. Ukiweka kiwango cha juu halafu ukakiweka mahali ambapo mtu wa shifti hafiki, umewachuja kwa ratiba zao, hujawachuja kwa uwezo wao.

Wengine wataniambia basi turudishe kozi fupi ili watu wetu waingie. Hapana kabisa. Mimi nimekulia Laikipia, nimeona matokeo ya kozi fupi kwa macho yangu. Jirani yetu alikuwa KPR, polisi wa akiba, bunduki aina ya G3 inalala naye nyumbani, mafunzo yake yalikuwa ya wiki chache, mshahara hakuna, ni kujitolea. Alikuwa mtu mzuri sana, wezi wa mifugo walipokuja yeye ndo alikuwa wa kwanza kutoka nje, polisi wenyewe walikuwa wanafika jua limeshachomoza. Lakini hakuna aliyemfundisha kwa dhati lini afyatue na lini asifyatue, na watoto wake walikuwa wanaijua ile bunduki kama wanavyoijua sufuria.

Polisi wa akiba Kenya wako tangu 1948, wakati wa mkoloni, na wa mijini waliondolewa mwaka 2004 kwa sababu ya vurugu zao. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 110, inataka uwe na miaka 18, tabia njema, hujafungwa, umejitolea mwenyewe. Soma hayo masharti halafu rudi usome ya Massachusetts hapo juu. Mwaka 2019 serikali ikawapokonya ma-KPR wa kaskazini na Bonde la Ufa silaha ili wakaguliwe upya, na vijiji vikabaki wazi, mashambulizi yakaendelea, watu wakalia warudishiwe bunduki zao, na wengine wakarudishwa. Hicho ndo kinachotokea serikali ikimpa mtu mamlaka bila mafunzo, siku ikiogopa inamnyang'anya vyote kwa mkupuo, mzuri na mbaya pamoja, kwa sababu haina rekodi ya kujua yupi ni yupi. Wangekuwa na cheti cha mtu mmoja mmoja, chenye tarehe ya kuisha na mtihani wa kurudia, wangemtoa mbaya wakambakisha jirani yangu.

Ninachokitaka basi huku Massachusetts ni kitu kinachowezekana, si ndoto. Masaa yabaki yaleyale, mtihani uleule, tume ileile yenye meno. Ila akademi ya jioni na wikendi ya masaa kamili iwepo karibu na watu wanakoishi na iwe na nafasi za kutosha, iwe ya mwaka au hata miezi kumi na nne, na jimbo libebe gharama badala ya kuuachia mji wenye watu elfu moja na mia mbili. Vijiji vitatu vinne vishirikiane kuajiri, wampe mtu mmoja shifti za kutosha awe hodari, badala ya kila kijiji kuwa na wake watatu wanaoshika usukani mara mbili kwa mwezi. Na yale masaa ya kazi, kama jimbo linaamini uzoefu unafundisha, na mimi naamini hivo, basi yafanywe chini ya askari mzoefu ndani ya gari moja, maana masaa 2,400 ya kukaa peke yako kwenye gari kando ya barabara ya kijijini yanakufundisha kukaa kwenye gari.

Kijana nimemweleza haya yote, akanyamaza, akaniuliza kama kule New Hampshire wangemchukua na ile kozi yao fupi. Nikamwambia wanaweza kumchukua, ni hapo tu mpakani. Akafikiria kidogo akasema, "Lakini Anko, usiku wa kwanza nikiitwa mahali pabaya, nitakuwa najua nini?" Wiki iliyopita ameanza kuweka hela pembeni ya miezi mitano ya kodi, na ameshamwambia meneja wake kwamba huenda mwakani akaomba shifti za wikendi tu.